Kicheche Achagua Ndege wa Kuvuka Jangwa

Ukame ulipowabana, wanyama wadogo walimkabidhi Kicheche kazi ya kuchagua ndege wa kuwavusha jangwa. Walikuja ndege wawili, Korongo na Hondohondo. Korongo aliuliza, "Abiria wana uzito gani? Na upepo wa huko ukoje?" Kicheche hakujua, akaona amedharauliwa. Hondohondo hakuuliza chochote. Alimwita Kicheche mheshimiwa, akamwahidi nafasi ya mbele mgongoni. Akachaguliwa papo hapo.

Walipofika katikati ya jangwa, Hondohondo aliishiwa nguvu, akatua mchangani akihema. Bi Sange, mmoja wa abiria aliyekuwa mjamzito, alizirai kwa jua, wenzake wakamkinga kwa miili yao. Wangekufa wote kama Korongo asingewafuata kwa mbali, maana alijua hawatafika.

Bi Sange alizinduka wakati Korongo anainama ili wenzake wampandishe mgongoni. "Bwana Kicheche," akasema kwa sauti ndogo, "ulimuuliza Hondohondo anaweza kuruka umbali gani?"

Kicheche alitaka kudanganya. Akalitazama lile tumbo, akainamisha kichwa.

"Sikumuuliza, Bi Sange. Aliniita mheshimiwa."

Hakuna aliyemcheka wala kumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akaomba abebwe wa mwisho.