Mlio wa Nyundo ya Refik

Refik aliufunga mwiko kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akakaza kitambaa kwa meno mpaka mkono ukakakamaa kama gogo.

Asubuhi ile daktari alikuwa amemwonyesha picha. Kijifupa kimoja cha katikati ya kifundo, kidogo kama kokwa ya plamu, kilikuwa kimekufa na kupondeka.

"Umechelewa, mzee wangu. Iliyobaki ni kukiunga kifundo kizima kwa chuma. Maumivu yataisha, ila hakitakunjika tena. Kajaribu kukifunga nyumbani kisikunjike, uniambie unataka kikae vipi."

"Kikae cha kushika nyundo," alijibu papo hapo. Alipotoka hospitali hakumwambia mkewe kitu.

Sasa, karakanani kwake, alilikalisha birika la kahawa juu ya fuawe, akapiga. Nyundo ilianguka kama tofali. Akajaribu kwa kiwiko, akajaribu kwa bega, jasho likimchuruzika puani.

"Piga, mwanaharamu we, piga!" aliutukana mkono wake mwenyewe.

Shaba ikabonyea pasipotakiwa.

Katika kichochoro kile cha Sarajevo wafua shaba hugonga mchana kutwa, na kila mke humjua mumewe kwa mlio wa nyundo yake kabla hajamwona. Mke wa Refik hajawahi kukosea, tangu enzi za uchumba.

Refik akamsikia mkewe anakuja na chakula cha mchana, akitaniana na majirani. Refik akagonga mdundo wake wa siku zote, kwa nguvu zote, huku akimwomba Mungu.

Viatu vikasimama nje ya mlango.

"We fundi uliyemo humo," mkewe aliita, "mume wangu kaenda wapi?"