Njia ya Kanga

Kanga alijitolea kulinda mayai ya ndege wote wanaotaga chini, majanini. Kila asubuhi alizunguka kiota hadi kiota, akachungulia, akasalimu. Lakini mayai yalizidi kutoweka.

"Simama hapo hapo!" Kware alimfokea siku moja, akiwa ameyaatamia mayai yake. "Hebu tazama nyuma yako, dada."

Kanga akageuka. Majani aliyoyakanyaga siku zote yalikuwa yamelala, yakafanya njia iliyopita kila kiota. Na kwenye njia hiyo Swila, nyoka mla mayai, alikuwa anakuja taratibu.

Kumbe aliyekuwa akimwongoza ni Kanga mwenyewe! Akakata kona, akakimbia akikanyaga majani kwa nguvu zote mpaka kwenye shimo moja, kisha akarukia juu ya kichuguu.

Swila akaifuata njia mpya, akaingiza kichwa shimoni.

"Siku hizi watu hawapigi hodi?" aliuliza Nyegere, ambaye sumu haimtishi, akamng'ata shingo.

Mayai yalipoanguliwa, Kware alimwita Kanga aje awaone wanawe.

"Nitawaona wakianza kuruka," Kanga alijibu, wala hakushuka kichuguuni.