Dhiraa Kumi na Sita

Kufikia Jumamosi adhuhuri pampu ilikuwa imeshanyonya sato wawili mtoni na kuwatema kisimani, na Wagdi akaliona hilo kuwa jambo la heri. Kisima chenye samaki, nani atathubutu kusema hakina kazi?

"Hao wawili ni mwanzo tu!" shemeji yake Shaaban alipiga kelele kushinda mngurumo wa mashine. "Ngoja nikuletee ukoo mzima!"

Pampu ilikuwa ya Shaaban, ya kumwagilia vitunguu vyake ng'ambo, kisiwa cha Dahab. Aliivusha kwa mashua Ijumaa, mara tu baada ya sala, akatupa mpira mmoja mtoni na mwingine kisimani. Watu waliokuja kukitembelea kisima hicho, hapo kisiwa cha Roda, waliambiwa pamefungwa kwa matengenezo. Wakaupiga picha mlango, wakaenda zao.

Wagdi alikuwa mtunza kipimo cha Mto Nile, kama baba yake na babu yake. Zamani mto ulipofurika, maji yaliingia kisimani na kupanda nguzo yenye alama, na Kairo nzima ilingoja kusikia yamefika dhiraa ngapi. Zikitimia kumi na sita, watu walicheza barabarani. Kisha yakajengwa mabwawa huko kusini, mafuriko yakakoma, na mifereji ya kuingizia maji ikazibwa kwa saruji. Kazi haikukoma. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja Wagdi alishuka ngazi, akaikagua nguzo kavu, akapanda huku anahema, akaandika "Sifuri" kwenye fomu, akagonga muhuri na kuipeleka idarani. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Jibu lilikuja Alhamisi. "Mkaguzi atafika Jumapili," barua ilisema, "kuthibitisha kiwango cha maji, na kuamua kuhusu nyumba ya mtunzaji."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyoegemea ukuta wa kisima. Mkewe Insaf alizaa humo watoto wanne, na hawakuwa na kwingine kwa kwenda. Aliisoma barua mara mbili, akaketi.

"Baba Nagla, kitumbua chetu kimeingia mchanga. Wameshtuka."

"Washtuke nini? Sijawaficha kitu. Kila siku nawaandikia sifuri."

"Si ndiyo hiyo! Nani atampa nyumba mtu wa sifuri? Ungekuwa unawaandikia hata nusu, jamani!"

"Niandike uongo? Kwenye fomu ya serikali?"

"Nani kasema uongo? Jaza maji, uandike kweli."

Wagdi alimtazama mkewe kwa mapenzi ambayo hakuwa ameyasikia tangu wakiwa wachumba. Jioni ile ile akamwita Shaaban.

Jumamosi alasiri maji yalipofika dhiraa kumi, Wagdi aliingiwa na hofu, akasema zinatosha.

"Kumi ni mwaka wa njaa," Insaf alimkatiza. "Unataka mkaguzi aje aone njaa? Shaaban, usizime!"

Mkaguzi aliyefika Jumapili alikuwa Bwana Lamei, mtu mnene, mpole, aliyetokwa na jasho hata kivulini. Wagdi alimpokea amevaa suti aliyoolea, isiyofungika tena tumboni. Insaf akaleta chai ya mnanaa.

"Chai baadaye, mama," alisema Bwana Lamei. "Tumalize kwanza hiki kijikaratasi. Nitie sahihi hiyo sifuri yenu, halafu tuzungumze mambo mazuri."

"Sifuri, mheshimiwa?" Wagdi alitabasamu hadi jino la mwisho. "Karibu ndani."

Bwana Lamei alichungulia. Maji ya kijani yalikuwa yametulia, na sato mmoja akapita taratibu kando ya nguzo. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizo ni ngapi?"

"Kumi na sita. Kamili, wala sijazidisha kidole."

"Na ni maji ya Nile?"

"Wallahi ni ya Nile, yametoka mto huo huo hapo nje. Onja, mheshimiwa."

Bwana Lamei alipiga magoti, akateka kwa kiganja, akaonja.

"Lakini ile saruji, mzee Wagdi?"

"Mungu akitaka jambo, saruji ni nini?"

Hapo mkaguzi akaanza kulia. Alimkumbatia Wagdi, akambusu mashavu yote mawili. "Baba yangu alistaafu akingoja siku hii," alisema. "Idara nzima tulishakata tamaa." Aliandika "Kumi na sita" kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akagonga muhuri mara tatu. Insaf alipiga vigelegele mlangoni. Huko nyuma ya ukuta Shaaban, aliyekuwa amejificha na pampu yake, hakuweza kujizuia, naye akashangilia.

Bwana Lamei alifungua mkoba, akatoa ramani ya nyumba, akaitazama kidogo, akaichana vipande viwili.

"Nilikuwa nimewaletea chumba cha tatu," alisema. "Bahati nzuri sasa hamkihitaji."

"Hatukihitaji vipi?" Insaf aliuliza. Vigelegele vilikuwa vimemkauka mdomoni.

"Amri ni ile ile waliyopewa kina babu mifereji ilipozibwa, mama: mtunzaji na kizazi chake wakae hapa, wala asiwaondoe mtu, mpaka siku maji yatakapofika tena dhiraa kumi na sita." Akapangusa machozi ya furaha, akanyoosha kiganja. "Hongereni sana. Naomba funguo."