Fulana ya Ushahidi

Fundi redio alilitandika gunia la mchanga ngumi ya begani, na simu iliyokuwa juu ya meza ikapayuka kwa sauti ya fundi mwenyewe: "Bega! Mbavu! Tumbo! Mgongo!"

"Mwongo mkubwa wewe," akaiambia. Akalipiga tena, safari hii tumboni. Simu ikarudia yale yale.

Gunia lilikuwa limevishwa fulana nyeusi. Ndani ya kitambaa fundi alikuwa ameshonea sensa nne, vidude vya kuhisi pigo, kila kimoja kama kifungo cha koti. Nyaya zake nyembamba zilishuka hadi kiunoni, kwenye kibao kidogo alichokiita ubongo, chenye laini yake ya simu. Ubongo ukisikia pigo, unapeleka habari kwenye simu ya fundi, na simu inataja mahali.

Dada yake, aliyeiagiza fulana hiyo, alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkoba mapajani.

"Kwani zimepagawa?"

"Hazijapagawa. Zimetoka kiwanda kimoja, sura moja, jina moja. Ubongo ukiita, zote zinaitika. Fikiria mapacha wanne waliopewa jina moja: ukimtuma mmoja maji, wanatoka wote na ndoo."

Dada hakucheka. "Fanya haraka, kaka. Katika nyumba ile mtu anapigwa kama ngoma, na haya imemziba mdomo. Nikienda kwenye kikao cha familia mikono mitupu, wataniita mfitini."

Fundi hakuuliza zaidi. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: binti yake wa pekee, na mumewe. Juzi tu walikuja kumsalimia. Vifundo vya mkono wa binti vilikuwa vimevimba kama tangawizi. "Nimejigonga mlangoni, baba," akasema, akauficha mkono. Mkwe, mpole wa kupindukia, alijishusha kitini taratibu, ameshikilia meza kama kikongwe. Ulevi wa jana huo, fundi aliwaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Akarudi kwenye fulana. Akazilaza sensa zote. Akaiamsha moja peke yake, akaipa jina lake: Bega. Ilipolishika, ndipo akaiamsha ya pili, akaiita Mbavu. Akaenda hivyo hivyo, pole pole, kama mama anayeamsha watoto wa shule bila kutaka wagombanie beseni. Kisha akalishindilia gunia ngumi ya ubavu mpaka mchanga ukamwagika.

"Mbavu!" simu ikasema, ikanyamaza.

"Umeona? Sasa kila mmoja anajijua."

Dada akaivua fulana guniani, akaipima kwa macho. "Ongeza upana hapa mabegani. Isibane, itavaliwa chini ya nguo."

Fundi akaongeza kitambaa. Dada akaikunja, akaitia mkobani. "Naipeleka mwenyewe. Na wewe, kaka, tulia mpaka siku ya kikao. Hasira zako nazijua tangu tunagombania ukoko."

Siku ya kwanza simu ilinyamaza. Ya pili, fundi akiwa ameinamia redio ya mteja, ikapayuka: "Bega!"

"Simu yako inafundisha watoto viungo vya mwili?" mteja akatania.

"Mbavu! Mbavu!"

Chuma cha kuchomelea kilimwunguza fundi kidole, asisikie. Kesho yake ikawa tumbo. Siku iliyofuata ikawa mgongo, mgongo, mgongo, bila kupumzika. Akaifungia simu kwenye droo, na bado akaisikia, sauti yake mwenyewe ikihesabu mwili wa mwanawe kipande kwa kipande.

Kikao? Kikao kitamkuta marehemu. Akaichomoa simu, akaitia mfukoni, akashika kipande cha nondo alichozoea kuzuilia mlango, akatoka bila kufunga duka. Njia nzima watu walimpisha. Alipofika kwenye kona ya nyumba ile, simu ilipayuka tena: "Tumbo!" Hapo akakimbia.

Mlango aliufungua kwa teke. Sebuleni vigae vya sahani vilikuwa vimetapakaa. Binti alikuwa amesimama katikati, nywele timtim, anahema, mchi mkononi.

"Baba! Umefuata nini?"

Angalau amejitetea mwanangu, fundi aliwaza. Mkwe alikuwa amejikunyata pembeni mwa kabati, damu inamchuruzika puani mpaka kwenye kola ya shati.

"Baba, ngoja kwanza..." mkwe akaomba.

"Nani baba yako? Mimi nimekuzaa wewe?" Fundi alimkamata kola, akamsimamisha, akambamiza kabatini hadi kioo kikapasuka. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Leo na wewe utaujua!"

"Mwache, baba," binti akasema. "Mwache, nitamalizana naye mwenyewe."

Fundi hakumsikiliza. Mkwe alifumba macho. Hata mkono wa kujikinga hakuuinua.

Nondo ilishuka kwa nguvu zote za mwanamume aliyelea mtoto mmoja tu. Ikampata mkwe ubavuni, na kitu ndani kikalia kama kuni kavu.

Kutoka mfukoni mwa fundi, sauti yake mwenyewe ikapayuka: "Mbavu!"