Anaumwa Kidogo

Angelina alianza kulia kabla Hashimu hajamaliza kusema kwamba mama anaumwa kidogo.

Alikuwa amejilaza ufukweni Paje, siku ya nne ya mapumziko yake Unguja, dafu mkononi, kitabu kimemfunika tumbo. Hashimu hakuwa mtu wa kupiga simu. Kitochi chake kilikuwa cha kupokea tu. Leo amepiga, tena asubuhi, tena kwa sauti ya kujikaza.

“Anaumwa kidogo tu, dada. Lakini jitahidi uje.”

Nyuma yake kulisikika mtu akikohoa, kisha maji yakimiminwa kwenye ndoo. Angelina akafumba macho. Maji ya kuoshea hayo, alijua.

“Nimeelewa, Hashimu.”

“Umeelewa?”

“Nimeelewa kabisa. Poleni sana.”

“Ahsante. Mungu akufikishe salama.”

Mzungu mwingine angeuliza: anaumwa nini, tangu lini, amepelekwa hospitali? Angelina hakuuliza hata moja. Miaka miwili ya kujitolea Bigwa, Morogoro, akifundisha chekechea na kulala chumba cha uani kwa Bi Mwajuma, mama yake Hashimu, ilikuwa imemfunza adabu. Alijua kuamkia wakubwa, alijua kukaa mkekani bila kuwanyooshea watu miguu. Na mwaka jana tu, baba yake Yunusi wa nyumba ya jirani alipofariki, alimsikia Bi Mwajuma mwenyewe akimpigia Yunusi huko Mtwara: baba anaumwa kidogo, njoo. Na maiti imelala chumba cha pili, imeshavikwa sanda.

“Mbona umemdanganya?” alimuuliza siku ile.

“Aliye mbali haambiwi msiba, mwanangu. Anaambiwa mgonjwa. Asafiri na moyo wake mzima. Akifika, ataona mwenyewe.”

Angelina aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake la mila, akayapigia mstari. Alijivunia sana daftari lile.

Jonathan, mwenzake wa kujitolea aliyekuja naye kisiwani, alikaa wima mchangani. “Ukiondoka sasa hivi, boti ya mchana unaipata. Dar kuna treni. Jioni uko Morogoro.”

“Waislamu hawalazi maiti, Jonathan. Nitakuta wameshazika.”

“Si uende tu?”

Alitaka kwenda, tusimsingizie. Bi Mwajuma hakujaliwa binti, na alimwita huyu binti yake mbele za watu. Malaria ilipomwangusha, alimkanda siku tatu mfululizo bila kumpa mtu zamu. Na siku ya kuagana alimwekea sharti moja: ukimaliza raha zako za kisiwani, pitia kwanza hapa unione, ndipo uende huko Rwanda kwa masokwe wako. Angelina aliahidi huku amemshika mikono yote miwili.

Lakini ahadi ilikuwa ya kumwona, na wa kuonwa hayupo tena. Kibali cha kuwatazama masokwe kina tarehe yake, na tarehe haimngoji mtu. Kwenda kutazama kaburi bichi kungemfaa nani? Hivyo ndivyo alivyojiuliza, na anayejiuliza mwenyewe hujijibu vizuri. Akalia mpaka adhuhuri, akala pweza kidogo, akaingia majini.

Siku ya kumi alipanda ndege ya Kigali. Huko alinunua laini mpya, ile ya Tanzania akaitia kwenye pochi, maana hakuona tena wa kumpigia. Masokwe akawaona. Akapanda hadi Uganda, akateremka Mto Nile kwa mtumbwi wa mpira, akapiga kelele za furaha pamoja na wenzake. Kila walipolala aliwasimulia habari za marehemu mama yake wa Kiluguru, na wasikilizaji walilengwalengwa na machozi. Alisimulia vizuri, na kila mara vizuri zaidi.

Jambo moja hakulisahau: arobaini. Alianza kuhesabu tangu asubuhi ile ya simu, akakata tiketi ya kurudi kwa hesabu hiyo. Mazishi yamempita, khitma haitampita. Alipofika Dar alinunua tende na mchele wa kuchangia. Kumpigia Hashimu aliona haya. Akasema aibu hii bora aimalize uso kwa uso.

Siku ya arobaini, saa nne asubuhi, alishuka kwenye treni Morogoro, bodaboda ikampeleka Bigwa na mfuko wake wa mchele mapajani. Milima ilikuwa imejifunga ukungu. Hata kabla ya kufika aliliona turubai, masufuria makubwa juu ya mafiga, wanawake wamejitanda kanga. Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu Paje. Hesabu yake ilikuwa sawa.

Alivua viatu, akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Hashimu. Alikuwa amekonda sana, Hashimu, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Kaka, nisamehe,” Angelina alisema. “Mazishi sikuyawahi. Nikasema basi, angalau arobaini ya mama isinipite.”

Hashimu alimtazama, akautazama na mfuko wa mchele.

“Arobaini gani? Mama tumemzika jana. Siku zote hizi tulikuwa tunamwambia boti zimezuiwa na upepo.”