Tovuti ya Zamzam

Mtoto akifika siku ya saba hana tovuti, wanakuja kumchukua. Siku ya sita nilikaa jikoni, mgongo bado ukiniuma, nikamfungulia mwanangu Zamzam tovuti yake kwenye wingu la taifa. Nikajaza jina, nikaweka picha, nikabonyeza "Rusha hewani".

Simu ikajibu: "Nafasi ya familia imejaa. Ili kumpisha mtoto, tovuti yenye wageni wachache zaidi itafutwa leo saa sita mchana. Mwenye tovuti asubiri mlangoni."

Nikamwita mume wangu. "Baba Zamzam! Watamchukua mama yako! Nani huwa anafungua tovuti yake?"

"Mimi," alijibu taratibu kutoka chumbani. "Tangu asubuhi naifungua."

Nikafungua yangu. Tangu tuoane, haikuwa imepata mgeni hata mmoja.