Hatua Kumi na Mbili

Lori lilipinduka kwa mara ya tatu, likabaki chali juu ya lami, magurudumu yakizunguka hewani.

"Hatua ngapi?" aliuliza Habakuki.

"Saba," alijibu Shamimu huku akitazama saa yake. "Na limetumia sekunde sita."

"Halifai. Nataka hatua kumi na mbili kwa sekunde nne. Lisizidi, lisipungue."

Lilikuwa lori la kuchezea, la kuendeshwa kwa rimoti. Miaka hiyo bidhaa za Dubai zilimwagwa hadi masoko ya wilayani, na Habakuki alilinunua sokoni Korogwe. Kisha alimpelekea Shamimu, fundi redio aliyehamia mjini hapo kutoka Handeni miezi miwili tu iliyopita. Hakusema ni la nani. Alisema tu kwamba likimbie kwenye lami.

Shamimu aliliinua, akalipapasa.

"Matairi haya ni ya mchanga, kaka. Meno yake yanaing'ang'ania lami, ndiyo maana linajikwaa. Tena liko juu mno. Niachie siku tatu."

Alisugua meno ya matairi kwa msasa mpaka yakawa laini. Alifupisha springi, tumbo la lori likashuka karibu na ardhi. Betri alizihamishia chini kabisa ili uzito ulale huko. Giya ya mota aliibadilisha kwa nyingine kubwa kidogo, aliyoitoa kwenye redio kaseti mbovu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakivuta kushoto, akayanyoosha. Siku ya nne lori lilikimbia hatua kumi na mbili kwa sekunde nne, limenyooka kama uzi. Shamimu alipiga makofi.

Habakuki hakutabasamu. Alitoa mfukoni vijiti viwili na gauni dogo la maua mekundu, lililofuliwa na kukunjwa vizuri.

"Sasa likimbie hivyo hivyo limebeba hili, limesimama wima."

Shamimu alilishika lile gauni. Lilikuwa la mtoto wa miaka saba hivi. Kwenye pindo palikuwa na doa la kahawia ambalo sabuni ilishindwa kulitoa.

"Umelitoa wapi?"

"Nimepewa na mama yake. Yuko kijijini kwao, Mazingara."

Shamimu alijua misiba inavyovunja nyumba, mume akabaki huku, mke akarudi kwao. Alifunga vijiti kwa waya, akapanua nafasi ya magurudumu ya nyuma ili upepo usiliangushe lori, akajaribu tena na tena. Kazi ile hakutaka tena malipo yake.

Ijumaa alasiri walikwenda njia panda ya kuelekea Ngombezi, penye kituo cha basi kilichotandikwa lami hadi ukingoni. Habakuki aliliweka lori la kuchezea ukutani mwa kibanda cha abiria, gauni likapepea juu yake. Kisha alihesabu hatua kumi na mbili hadi katikati ya barabara, akarudi. Kidole chake kilionyesha kibao cheupe upande wa Segera.

"Lori lilipofika kwenye kile kibao, ndipo mtoto alipochomoka hapa. Alikuwa akimkimbilia mama yake ng'ambo."

"Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na dereva?"

"Aliapa mahakamani kwamba hakuna mtu ambaye angewahi kusimama. Wakamwamini."

"Na lori tunalolingoja sasa ndilo hilo?"

"Lori ni lile lile. Mzigo ni ule ule, robota za mkonge. Mwendo wake ni ule ule pia, barabara hii ya lami haimpunguzi mtu kasi."

"Kaka Habakuki, usije ukaua mtu. Akikwepa akapinduka?"

"Hapa pamenyooka, na hakuna gari jingine. Mama yake anataka kujua, dada. Kila siku anajiuliza kama ni yeye aliyemuua kwa kumwita avuke. Lori likisimama au lisiposimama, kesho nakwenda Mazingara kumwambia."

Mlio wa injini ulisikika. Lori kubwa la bluu lilitokeza, limejaa robota hadi juu. Macho ya Habakuki hayakubanduka kwenye kibao. Lori lilipokifikia, akabonyeza.

Gauni la maua mekundu lilichomoka kibandani likakatisha lami, limesimama wima, likikimbia kama mtoto. Breki zililia. Matairi yalifuka moshi, robota zikayumba, na lori lile lote likasimama. Kati ya bampa na gauni palibaki nafasi ya mtu kupita bila kujikunyata.

Shamimu aliruka. "Umeona? Angewahi! Mwongo mkubwa dereva yule, alikuwa hata hatazami mbele! Mama wa mtoto hana kosa!"

Habakuki alikuwa ameketi chini kwenye lami. Rimoti ilimtoka mkononi.

Mlango wa lori ulifunguliwa kwa nguvu. Dereva, kijana aitwaye Loishiye, aliruka chini akitukana, ngumi amekunja. Alipomwona mtu aliyeketi pale, alisita, akavua kofia yake taratibu.

"Kaka Habakuki! Kumbe ni wewe? Bosi ananiuliza kila siku utarudi lini kuliendesha lori lako. Anasema ile ilikuwa ajali tu."